Soko hufuata njia

Hapana soko linaloota lenyewe kama uyoga. Soko huzaliwa na njia, hukua kwa njia, na njia ikifa soko nalo hudhoofika. Sisi tunaokaa Arua na Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, tunao ushahidi wa jambo hilo mbele ya macho yetu.

Hata China ya kale ilijua hivyo. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, utawala wa Han uliweka ngome za askari huko Dunhuang ili kuilinda njia ya magharibi, na misafara ya biashara ikapita palipokuwa na ulinzi. Baadaye, katika zama za Tang, askari wa mpakani walilipwa kwa majora ya hariri, na majora hayo yakaingia sokoni.

Turudi kwetu. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914. Kwa muda mrefu mizigo ilisafiri kwa meli kutoka Butiaba, katika Ziwa Albert, ikifuata Nile hadi Rhino Camp, bandari iliyohudumia Arua. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, shughuli zilihamia huko na bandari ya Rhino Camp ikapwaya. Miaka ikapita, treni nazo zikaacha kufika Pakwach, na lori likarithi kazi yote. Leo barabara ya lami inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko, hadi Oraba mpakani.

Kutegemea njia moja kuna gharama yake. Daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, magari yalilazimika kuzunguka mbali. Mafuta ya safari hiyo ndefu hayalipwi na mwenye lori; hulipwa na mama anayenunua sabuni na sukari Awindiri.

Zipo pia njia zisizochorwa katika ramani yoyote. Mafuta ya petroli yanayokwenda Kongo hupita Uganda bila kutozwa ushuru wa Uganda. Kwa miaka mingi sehemu ya mafuta hayo ilivushwa mpaka kisha ikarudishwa kwa njia za panya, na vijana waliojulikana kwa jina la OPEC Boys wakayauza kandokando ya barabara za Arua. Tofauti ya ushuru ilifungua njia, na njia ikazaa soko.

Hapo ndipo wajibu wa askari na polisi unapoonekana. Kizuizi cha barabarani kinachokagua kwa haki humlinda mfanyabiashara na raia. Lakini fedha inayotolewa kizuizini bila stakabadhi ni ushuru usioingia hazina, na huongezwa katika bei ya unga ambao familia ya askari mwenyewe inaununua. Zaidi ya hayo, humfukuza mfanyabiashara mwaminifu kutoka barabara kuu, akaifuate njia ya panya anakopita msafirishaji wa bunduki. Basi anayemtoza mchuuzi kwa siri anajifumba macho mwenyewe, kwa sababu mlinzi huona tu wale wanaokubali kupita mbele yake. Hatuna budi kuifanya barabara kuu iwe njia nafuu na salama kuliko zote.