Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika viwanda vyetu mgeni huyo huitwa mshauri mwelekezi. Huja na kompyuta yake, hukaa wiki tatu, huandika ripoti, hulipwa, huondoka. Swali langu ni dogo: je, mwenyeji hupona?

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu katika kiwanda kimoja cha ndoo za plastiki jijini Dar es Salaam. Meneja alituonyesha kwa fahari ripoti ya mshauri, kitabu kinene kilichopendekeza mitambo mipya. Tulipoingia kiwandani, mama mmoja mwendesha mtambo alitueleza jambo ambalo halikuwamo humo: "Ndoo zinazopasuka ni za asubuhi, mwalimu. Mtambo haujapata moto sawasawa, nasi tunaambiwa tuanze." Nilimuuliza kama alimweleza mshauri. Akacheka, hakuulizwa. Lakini ndoo zikiharibika, ujira wake ndio unaokatwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, sisemi kwamba ushauri ni kazi bure. Nasema tunanunua nusu ya dawa.

Ushahidi upo. Mwaka 2008 Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walianza jaribio katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India. Viwanda vyote vya jaribio vilipewa washauri kwa mwezi mmoja wa kuchunguza kasoro. Kisha kundi moja likaachwa na mapendekezo yake, na kundi la pili likabaki na washauri kwa miezi minne zaidi, wakitekeleza pamoja. Walifanya mambo ya kawaida kabisa: kuandika kila kasoro ya kitambaa, kupanga nyuzi ghalani, kutunza mitambo kwa ratiba, kukutana kila siku kujadili takwimu za jana. Katika mwaka wa kwanza, tija ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 17 kuliko ya kundi la kwanza. Ripoti peke yake ilileta mabadiliko madogo; kufundishana kazini ndiko kulikoleta makubwa.

Wenye viwanda hunijibu: "Ukimfundisha mfanyakazi, kesho anahamia kwa jirani." Hoja hii ina uzito. Watafiti waliporudi India miaka kadhaa baadaye, karibu nusu ya taratibu mpya zilikuwa zimeachwa, na sababu mojawapo ilikuwa kuondoka kwa mameneja waliozijua. Lakini funzo lake, kwa maoni yangu, ni kinyume cha woga huo. Maarifa yaliyowekwa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye. Yakienea kwa waendesha mitambo, mafundi na watunza ghala, akiondoka mmoja kiwanda hakisahau.

Nchini kwetu hatuanzi sifuri. Tangu 2013 Wizara yenye dhamana ya viwanda, kwa msaada wa Japani, imekuwa ikieneza kaizen, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo unaomshirikisha kila mfanyakazi. Wahenga wetu wangeuita haba na haba. Waajiri nao hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Naamini sehemu ya tozo hiyo ingepaswa kurudi moja kwa moja kiwandani, kumfundisha mtu ambaye tayari yuko kazini, na si kijana wa darasani pekee.

Na kila mkataba wa ushauri ungekuwa na masharti mawili: mshauri azungumze na waendesha mitambo kabla ya kuandika neno, na sehemu ya malipo yake isubiri hadi kasoro zipungue. Mwenye kiwanda naye aache kumkata ujira mtu kwa kosa la mtambo. Anayeogopa kukatwa huficha kasoro, na kasoro iliyofichwa haina tiba.

Tunaimba uchumi wa viwanda kana kwamba viwanda ni mabati na mitambo. Viwanda ni watu. Yule mama alijua chanzo cha hasara ya mwajiri wake, na ilitosha kuusubiri mtambo upate moto. Ripoti ilidai mamilioni ya mitambo mipya. Niambie, ndugu msomaji, kati ya hao wawili, mshauri alikuwa nani?