Ua sugu huenda lisivumilie jua lako

Ukiingia duka la agroveti kununua mbegu za maua, utakuta pakiti nyingi zenye picha ya kupendeza zina herufi ndogo kama vile H.A. au H.H.A. Ya kwanza humaanisha ua sugu la msimu mmoja, na ya pili nusu-sugu. Kundi la tatu ni la maua laini. Anayeanza bustani husoma neno "sugu" akafurahi. Hufikiri amepata ua la kustahimili kila kitu: jua kali, ukame, hata kuku wa jirani. Anapanda kule Nyali au Kisumu, na kabla ya mwezi wa pili kwisha miche yote imenyauka. Pesa zimekwenda, na mama wa watu anaapa kwamba mkono wake haukujaliwa maua.

Mkono wake hauna kosa lolote. Neno lile liliandikiwa watu wa nchi kama Uingereza, ambako swali kubwa la mkulima wa maua ni moja tu: je, mmea huu ukilala nje usiku wa sakitu utaamka hai?

Sakitu ni ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya nyasi alfajiri. Maji yaliyomo katika jani huganda, na barafu hiyo huharibu seli zake. Jua likichomoza jani hulegea, kisha hugeuka jeusi kana kwamba limemwagiwa maji moto. Kalendula, popi ya California na switipi huvumilia sakitu ya kiasi. Kwa hivyo ni maua sugu. Marigoldi, kosmosi na dalia, ambazo asili yake ni Mexico, pamoja na petunia ya Amerika Kusini, hupenda hewa ya wastani lakini usiku mmoja wa sakitu huzimaliza. Hizo ni nusu-sugu. Mwingereza huziotesha ndani ya nyumba ya vioo na kuzitoa nje mwishoni mwa Mei au Juni. Maua laini, kama begonia, hudhoofika kwa baridi tupu hata kabla sakitu haijafika.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Ukiwa Nairobi, huna haja ya kuogopa Julai. Baridi ile hutufanya tuvae sweta mbili, lakini ni baridi ya mawingu, na mawingu huifunika ardhi kama blanketi usiku. Marigoldi, petunia na kosmosi zitakaa nje mwaka mzima bila kudhurika, ingawa begonia na wenzake watadumaa kidogo hadi Septemba. Kwa mkazi wa Nairobi, basi, tofauti ya sugu na nusu-sugu ni kama haipo.

Hali ni tofauti Limuru, Kinangop, Molo na sehemu za juu za Kericho. Huko sakitu ipo, na hupenda kuja Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi ambapo mchana kuna jua zuri na usiku mbingu ni nyeupe bila wingu wala upepo. Januari 2012 iliunguza majani chai katika maeneo kadhaa ya nyanda za juu. Kama chai iliungua, petunia ni nani? Ukiishi huko, kumbuka kwamba hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji. Usipande maua nusu-sugu chini bondeni, yapande kwenye mteremko au karibu na ukuta wa nyumba. Jioni ya mbingu nyeupe, yafunike kwa magunia na uyafunue asubuhi. Dalia ikiungua usiing'oe. Viazi vyake vimo salama udongoni na vitachipuka tena.

Wa Pwani, geuza kila kitu. Maua yanayoitwa sugu ndiyo yatakayokusumbua zaidi, kwa maana mengi yao yalizoea ubaridi. Switipi ya Mombasa ni hasara tupu. Chukua zinia, potulaka, au vinka yenye asili ya Bukini, na ukutani uweke bugenvilea. Huko Ulaya zote hizi huogopwa kwa udhaifu wao, ilhali kwako zitashinda juani zikicheka.

Na wewe uliye kwenye gorofa bila udongo? Maua laini ndiyo yako. Kuna lile dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka dirishani kama yai. Kwao ni ua la Usambara, Tanzania, na ndugu zake wamo katika vilima vya Taita. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann Wendland aliliita Saintpaulia, kutokana na jina la familia ya Walter von Saint Paul, afisa aliyelipeleka Ujerumani. Kwa asili humea kivulini, kwenye miamba ya msituni, kwa hivyo lipe mwanga usio wa jua la moja kwa moja, na umwagilie udongo, si majani. Maji baridi huyaachia madoa.

Neno moja kuhusu miche ya kando ya barabara. Kabla ya kulipa, muulize mwuzaji ilikulia wapi. Mche uliolelewa chini ya neti Limuru ukiutia papo hapo kwenye jua la Kitengela utaungua, hata uwe sugu namna gani. Uweke barazani kwanza, juani saa moja asubuhi siku ya kwanza, mbili siku ya pili, hivyo hivyo kwa wiki nzima. Kisha uupande jioni na uumwagilie maji ya kutosha.