Sayansi Nyumbani: Juu ya Nini Mafuta Hayapatani na Maji?



Mama yeyote wa Kamina anajua: ukimimina mafuta ya mawese katika maji, yanaelea. Koroga unavyotaka, yatarudi juu. Lakini alkoli wanayosafishia ngozi mbele ya sindano, ukiitia maji inachanganyika mara moja. Vyote viwili vimejengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Sasa tofauti inatoka wapi?

Inatoka kwa namna atomi zimepangwa. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na hidrojeni mbili, nayo imepinda kama kiwiko. Oksijeni inavuta elektroni kwake, basi upande wake una umeme hasi kidogo, na upande wa hidrojeni umeme chanya. Molekuli ya namna hiyo inaitwa polari. Kama ingenyooka, mivuto miwili ingefutana. Molekuli za maji zinashikana sana, hasi kwa chanya, na mgeni asiye na pa kushikwa wanamwacha nje.

Etanoli, ile alkoli ya sindano (ndiyo inayolewesha watu katika lutuku), ina kichwa cha OH chenye kushikana na maji, na mkia mfupi wa kaboni 2. Inaingia yote. Butanoli ina kichwa kile kile, lakini mkia wa kaboni 4: katika lita 1 ya maji haziyeyuki hata gramu 100. Na mawese? Molekuli yake ina mikia mitatu, mingi ya kaboni 16 au 18. Petroli ya taa haina kichwa kabisa, ni mkia mtupu.

Sabuni inapatanisha pande mbili. Soda kali inakata mikia ya mawese na kuipa kila mmoja kichwa chenye umeme. Kichwa kinashika maji, mkia unashika uchafu wa mafuta.

Hata mgodini ni elimu hiyo. Kule Tenke Fungurume, walikoanza kutoa shaba mwaka 2009, dawa inayokamata shaba inakaa ndani ya mafuta ya namna ya petroli. Yanakorogwa na maji ya asidi yenye shaba, yanatulizwa, kisha mafuta yanapanda juu yamebeba shaba.

Sasa neno la kuokoa maisha. Mafuta yakishika moto katika kikaango, usimwage maji hata kidogo! Maji yatazama chini ya mafuta, yatageuka mvuke ghafula na kurusha moto juu ya watoto. Petroli inayowaka nayo itaelea juu ya maji na kuutembeza moto. Kikaango ukifunike kwa mfuniko, kiache kipoe. Petroli imwagie mchanga.

Vijana, waonyesheni wadogo zenu leo, moto ungali mbali.