Hiyo si testi, ni uvivu

Wasee, tuache kudanganyana. Unaweka hopliti wenye ngao kubwa upande mmoja wa Total War: Rome II, warusha mikuki upande ule mwingine, unawaamrisha wavamiane, halafu unatangaza eti warusha mikuki ni takataka. Buda, umewanyima kazi yao! Ulitarajia nini?

Karibu mwaka 390 KK, nje ya Korintho, Iphicrates wa Athens alikuta hopliti wa Sparta kama 600 wakitembea bila wapanda farasi. Vijana wake walirusha mikuki, wakatoroka. Wasparta wakifukuza, hawawafikii. Wakigeuka kurudi, mikuki tena. Karibu 250 walikufa, na hao ni Sparta, si watu wa mchezo.

Kama unapima, pima vizuri. Wape nafasi ya kukimbia, peleka kikosi kimoja nyuma ambako ngao haizuii, na ulinganishe kwa pesa, si kikosi kwa kikosi. Mikuki ikiisha na hopliti bado wamesimama, sawa, hiyo video nitaishea mwenyewe. Hizi zenu zinapeleka madogo kwenye mechi za mtandaoni na jeshi la hopliti pekee, wanafukuzana na vumbi.