Bi Harusi wa Ng'ambo, Hesabu Tarehe ya Kadi, Si Tarehe ya Nikahi



Kila msimu wa harusi ukifika, dukani kwetu huingia bi harusi ambaye tunamjua hata kabla hajasema. Anataka nguo nyepesi, isiyojaza begi, kwa sababu mchumba wake yuko Marekani na yeye akishaolewa atamfuata. Sisi tunampima kifua, kiuno na urefu wa mkono. Mama yake na makhaloo wamekaa pembeni wanahesabu: mahari kiasi gani, singo siku gani, piko atapaka nani, sare rangi gani. Kila kitu kinahesabiwa. Kitu kimoja tu hakiulizwi: huko aendako, ni lini atakuwa na haki ya kuomba uraia kwa jina lake mwenyewe?

Sisi tunasema swali hili liulizwe mapema, wakati wa posa, pamoja na mahari. Na wa kwanza kulijua jibu lake awe bi harusi mwenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu ya mteja wetu mmoja. Tulimshonea nguo, akaolewa Juni 2020. Makaratasi yakachukua muda, akaingia Marekani Machi 2022. Huko akasikia kwamba mwanamke aliyeolewa na raia huomba uraia baada ya miaka mitatu. Yeye na mumewe wakahesabu tangu siku ya nikahi. Juni 2023 wakapeleka maombi na kulipa dola 725. Akakataliwa, na ada ile hairudi. Alitupigia simu analia: "Jamani, miaka mitatu si nimetimiza?" Kweli alikuwa ametimiza miaka mitatu ya ndoa. Lakini ya ukaazi wa kudumu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu.

Kosa lake ni la watu wengi, basi tulieleze polepole.

Sheria ya Marekani inamtaka mkaazi wa kudumu, yaani mwenye ile kadi tunayoiita grinkadi, akae miaka mitano ndipo aombe uraia. Mke au mume wa raia amepunguziwa, anaweza kuomba baada ya miaka mitatu. Lakini miaka hiyo inaanza siku aliyopata ukaazi wa kudumu, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi yenyewe. Tena katika miaka hiyo mitatu awe anaishi na mume yule yule, kama mume na mke kweli, na mume awe raia kwa muda wote huo. Katika miaka hiyo pia awe amekaa ndani ya nchi jumla ya miezi 18 au zaidi.

Utasikia watu wanasema unaweza kuwahisha siku 90. Ni kweli, fomu inapokelewa siku 90 kabla ya kutimia muda wa ukaazi. Lakini miaka mitatu ya kuishi pamoja haipunguzwi na siku hizo. Bi harusi aliyeanza kuishi na mumewe siku aliyoshuka uwanja wa ndege bora asubiri mitatu itimie yote.

Sasa hapo kwenye mume, bi harusi, usione haya kuuliza. Kuna anayesema "mimi niko Marekani" na familia nzima ikapiga vigelegele, kumbe naye ana grinkadi tu. Huyo si raia, na mke wake atahesabu miaka mitano. Kuna aliyepata uraia mwaka jana. Huyo naye, mpaka atimize miaka mitatu ya uraia wake, njia ya mkewe ya miaka mitatu haijafunguka. Kwa hiyo maswali ni mawili: wewe ni raia au una kadi? Na tangu lini?

Kuna na ndoa zenyewe. Kwetu nikahi inaweza kufungwa kwa wakala, bwana harusi akiwa mbali, na ni ndoa halali. Uhamiaji wa Marekani hawaihesabu mpaka baada ya nikahi hiyo mume na mke wawe wamekaa faragha kama mume na mke. Na anayeolewa mke wa pili, wa kwanza akiwa bado yumo ndani ya ndoa, ajue mapema kwamba ndoa ile haitampatia grinkadi. Hatusemi asiolewe. Tunasema asidanganywe.

Jambo jingine ni kadi ya miaka miwili. Ukiingia Marekani ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, kadi ya kwanza unayopewa ni ya masharti na inakwisha baada ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mnatakiwa mpeleke pamoja fomu I-751 kuondoa masharti. Mteja wetu aliingia na ndoa ya miezi 21, kwa hiyo kadi yake ilikuwa ya aina hiyo. Alhamdulillahi, miaka ile miwili inahesabiwa ndani ya mitatu. Lakini ukiipitisha tarehe umejitia matatani, na tarehe hii mara nyingi anaijua mume peke yake kwa sababu karatasi zote ziko kwenye begi lake.

Hapa ndipo roho zetu zinapouma. Mwanamke akiwa hajui tarehe zake, anatishwa nazo. "Nikikuacha utarudishwa kwenu." Dada, si kila anayesema hivyo anasema kweli. Ndoa ikivunjika kabla ya uraia, njia ya miaka mitatu inafungwa, lakini ya miaka mitano ipo, na inaendelea kuhesabiwa tangu tarehe ile ile ya kadi yako. Ukiwa bado na kadi ya masharti na umeachwa au unapigwa, sheria inakuruhusu kuomba kuondoa masharti peke yako, bila saini ya mume, ukionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli. Mwenye kulijua hili atasubiri kwa sababu anapenda kusubiri, hatasubiri kwa sababu ya hofu.

Na tuseme juu ya safari. Desturi yetu ni kurudi kwa mama kujifungua na kukaa arubaini. Hiyo haina shida. Shida ni pale arubaini inapogeuka miezi minane kwa sababu mtoto mdogo na bibi hashibi kumbeba. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, utaulizwa na itabidi uthibitishe kuwa makazi yako hayakukatika. Ukifika mwaka, hesabu yako inakatika.

Tunajua wapo wazee watakaosema bi harusi anayeuliza haya ameolewa na karatasi, hakuolewa na mtu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na muda wake. Dini yetu haikuona aibu kuandika. Mahari tunaitaja mbele ya mashahidi na hakuna anayesema mwanamke kaolewa na pesa. Kwa nini tarehe ya haki yake iwe tamaa?

Wengine watatuuliza: basi mnawahimiza wanetu wauache uraia wao? Hapana. Kufika muda wa kuomba si lazima ya kuomba. Unaweza kubaki mkaazi wa kudumu. Na lifikiri vizuri, kwa sababu sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku unayokula kiapo cha uraia mwingine, wa huku unaupoteza. Kabla ya kiapo uliza kura yako, uliza shamba uliloachiwa na baba, uliza utarudi kwenu kwa viza ya namna gani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini uamuzi huo uwe wako, ukiwa na hesabu mkononi.

Sisi wenye biashara tuna msemo tunaoupenda: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi katika zawadi za bi harusi wa ng'ambo, tuongeze daftari dogo. Aandike tarehe ya nikahi, tarehe ya kuingia, tarehe iliyo kwenye kadi, siku kadi inapokwisha, na kila safari, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Aweke nakala ya cheti cha ndoa, mkataba wa nyumba na bili zenye majina yao wawili. Nakala nyingine abaki nayo mama. Mume mwema hatachukia, atamsaidia kuandika.

Mteja wetu alisubiri mpaka Machi 2025 ndipo akaomba upya. Safari hii alihesabu mwenyewe. Na mwaka huu alipotuletea mdogo wake tumshonee, kabla hatujashika futi alimgeukia akamuuliza: "Huyo mwenzio ni raia au ana kadi?"

Mungu awape mabinti zetu waume wema, na awape na ujuzi wa haki zao. Amin.