Gitaa la Jadotville na Sifa ya Miaka ya 1950

Wapenzi wengi wa muziki wa Kiafrika huihesabu miaka ya 1950 kuwa kilele cha gitaa la Katanga, yaani ule upigaji wa gitaa kavu, lisilotumia umeme, uliokua katika miji ya migodi ya kusini mwa Kongo, ambapo mtu mmoja huimba huku akijisindikiza mwenyewe, na mara nyingi mwenzake akigonga chupa ili kushika mdundo. Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, ina nafasi ya pekee katika sifa hiyo, kwa kuwa ndipo Hugh Tracey, mrekodi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi zake akiwa Afrika Kusini, alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952. Wimbo wa Mwenda uitwao “Masanga” ulitunukiwa tuzo ya Osborn, na sahani zake za santuri, zilizotolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, zikasambaa mbali kuliko muziki wowote uliowahi kutoka Katanga. Inafaa kuuliza kama muongo huo unastahili heshima unayopewa, na, jambo lililo gumu zaidi, kama unaheshimiwa kwa sababu zilizo sahihi.

Kuhusu ufundi, hakuna haja ya kusitasita. Mwenda, mtu wa Bayeke aliyezaliwa mwaka 1930, alipiga nyuzi kwa vidole viwili tu, kidole gumba kikishika sauti za chini na kidole cha shahada kikicheza zile za juu, lakini msikilizaji husikia nyendo mbili au tatu zinazojitegemea, ambazo hupishana, hukutana na kuachana tena bila mdundo kuvunjika. David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyechapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliandika upigaji huo nota kwa nota na kuonyesha kwamba Mwenda hakuwa akirudia kipande alichokikariri, bali alikuwa na mawazo machache ya msingi ambayo aliyabadilisha na kuyapanga upya kila alipopiga. Huo ni utunzi unaofanyika palepale, mbele ya wasikilizaji, na mpigaji anayeuweza katika umri wa miaka ishirini na miwili hahitaji kuonewa huruma wala kupewa heshima ya upendeleo. Hata jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, ambako alialikwa mwaka 1969, halikumwongezea chochote ambacho hakuwa nacho tayari alipokuwa Jadotville.

Hata hivyo, muongo mzima hauwezi kupimwa kwa vidole vya mtu mmoja, na hapa ndipo sifa hiyo inapoanza kuyumba. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua takriban dakika tatu, kwa hiyo kinachosikika leo ni vipande vilivyokatwa kufuata kipimo cha mashine, ilhali muziki wenyewe, kwa jinsi ulivyoundwa kwa marudio na mabadiliko, ungeweza kuendelea kwa muda wowote ambao wanywaji na wachezaji waliutaka. Zaidi ya hayo, kilichohifadhiwa ni kile ambacho mrekodi mgeni alikikuta njiani na kukipenda. Tracey aliwarekodi pia wapigaji wengine wa eneo hilo, miongoni mwao Patrice Ilunga na Victor Misomba, na Edouard Masengo na Losta Abelo walipata majina yao wenyewe, lakini katika maelezo mengi yanayosomwa nje ya Kongo hao wote hutajwa kama kivuli cha Mwenda. Wanawake wamejaa katika mashairi ya nyimbo hizo, wakisifiwa, wakilaumiwa na kuombwa warudi nyumbani, lakini nyuma ya gitaa hawaonekani, na ni vigumu kuamini kwamba kimya hicho kinatokana na ukosefu wa vipaji peke yake.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuusifu muziki huu kana kwamba ulikuwa sauti safi ya kijiji iliyookolewa kabla ya mji kuiharibu. Ukweli ni kinyume chake: mji ndio uliouzaa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kiwanda cha kusafisha shaba cha Shituru hukohuko Jadotville, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata sera ya kuwatuliza wafanyakazi, maana yake kuwaruhusu wakae kambini na wake na watoto wao badala ya kurudishwa makwao baada ya mkataba mfupi. Waluba, Wabemba, Bayeke, Wasanga na watu wa Kasai wakawa majirani, wenye mshahara mdogo lakini wa uhakika, ambao uliweza kununua gitaa au santuri dukani, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili cha Katanga. Mpigaji aliyetaka kueleweka na watu hao wote alilazimika kuimba kwa lugha hiyo, na kutafuta mdundo ambao si wa kabila moja.

Kwa sababu hiyohiyo, ni lazima kukataa ile hamu ya kuugeuza muziki huo kuwa ushahidi kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa njema. Hamu hiyo inaeleweka katika mji kama Likasi, ambako Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, iliporomoka katika miaka ya 1990 na kuziacha familia bila mshahara, bila hospitali na bila shule ya uhakika. Lakini waimbaji wa miaka ya 1950 walikuwa watoto au vijana wakati askari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma huko Elisabethville, leo Lubumbashi, mnamo Desemba 1941, mgomo ambao uliigusa Jadotville pia, na waliishi katika mji uliogawanywa kati ya makazi ya Wazungu na ya Waafrika. Furaha iliyomo katika nyimbo zao waliitengeneza wenyewe. Kampuni haistahili kuhesabiwa kuwa mfadhili wake.

Kipengele kinachostahili sifa kuliko inavyotolewa ni maneno. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani, wasioelewa Kiswahili, walisifu vidole na kuuacha wimbo, ingawa waimbaji hawa walikuwa wakijadili mahari, ulevi, mali na wivu kwa lugha ya watu waliokuwa wakijifunza kuishi pamoja. Afrika Mashariki iliwasikia vizuri zaidi. Masengo na Mwenda walikwenda Nairobi mwishoni mwa muongo huo, wakasikika redioni na hata kutumiwa kutangaza bidhaa, na upigaji wa vidole viwili wa wapigaji wa magharibi mwa Kenya, kama George Mukabi, una undugu wa wazi na ule wa Katanga. Ndani ya Kongo kwenyewe, rumba ya Kinshasa, iliyoimbwa kwa Kilingala na bendi zenye magitaa ya umeme, ilitwaa jukwaa la taifa, na UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, gitaa kavu la Waswahili wa kusini halikuwa katika mazungumzo. Kulisahau si haki, kwa kuwa lilikuwa shule nyingine kabisa, yenye lugha yake na njia zake za kusafiri, wala halikuwa tawi dogo la rumba.

Basi heshima ya muongo huo ni halali, lakini imekaa mahali pasipofaa, na athari yake huwaangukia walio hai. Vijana wa Katanga wanaopiga karindula, ala kubwa ya nyuzi nne inayoundwa kwa pipa na ngozi ya mbuzi, hufanya jambo lilelile lililofanywa Jadotville: huchukua vitu vya mji wa migodi, huimba kwa Kiswahili cha mtaani juu ya shida za mtaani, na hupiga kwa muda mrefu kuliko santuri yoyote ingeweza kubeba. Mhakiki anayemtukuza Mwenda kisha akaiita karindula kelele za walevi anapaswa kueleza ni kipimo gani kilichobadilika, maana gitaa lenyewe, katika vilabu vya pombe vya Jadotville, lilikuwa karibu na walevi vilevile.