AFYA NYUMBANI: Mama Mzee Amehamia Mjini



Kijana anafanya kazi mjini. Mama yake amezeeka, naye kwa upendo anamleta kukaa kwake. Baada ya miezi michache daktari anampima mama na kusema presha imepanda. Kijana anashangaa: "Kwangu anakula vizuri, wala hafanyi kazi. Presha ameitoa wapi?"

Basi tutazame. Kijijini mama alitembea kwenda shambani, akala mboga na viazi. Mjini anakaa kitini kutwa, anakula chipsi zenye chumvi, na usiku kelele za baa ya jirani hazimwachi alale.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1990 wataalamu walitoa habari za vijana Wajaluo waliotoka vijiji vya Ziwa Victoria kuhamia Nairobi. Baada ya muda mfupi tu, presha yao ilizidi ile ya wenzao waliobaki nyumbani. Walikula chumvi nyingi zaidi, na miili yao ilikuwa mizito zaidi. Ikiwa vijana walipatwa hivyo, sembuse mzee ambaye mishipa yake imekwisha kuwa migumu?

Tena huko Umbria, Italia, daktari Mario Timio na wenzake waliwafuata masista 144 wanaoishi ndani ya nyumba za kitawa, pamoja na wanawake 138 wa uraiani. Baada ya miaka 20, presha ya wale wa uraiani ilikuwa imepanda kwa kadiri walivyozeeka. Ya masista ilibaki karibu vile vile. Wala si kwamba masista walikula chumvi kidogo kuliko wenzao. Madaktari walitaja ukimya, tafakari na maisha yasiyo na mahangaiko.

Nyumba zetu haziwezi kuwa za kitawa. Lakini mzee aweza kupewa chumba kilicho mbali na barabara. Redio yaweza kupunguzwa sauti. Bwana na bibi waweza kuacha kugombana mbele yake. Chumvi ipunguzwe, mboga ziongezwe, na asubuhi atembee kidogo na mjukuu. Dawa za daktari asiziache, na apimwe hata kama haumwi, maana presha mara nyingi haina dalili.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama si mgeni. Mpe kijibustani chake tangu siku ya kwanza.